Bonsai: Kazi ya Ardhi na Kazi ya Chungu

Katika vitongoji vya Kinashi na Kokubunji, mjini Takamatsu kwenye kisiwa cha Shikoku nchini Japani, misonobari ya bonsai hupandwa shambani kwa mistari kama mihogo. Hakuna vyungu wala masinia. Kuna udongo wa kichanga usiotuamisha maji, mvua za wastani, jua la kutosha, na miti iliyopindwa kwa waya tangu ikiwa michanga, kisha ikaachwa inenepe. Wakulima wa huko wako katika kazi hii kwa zaidi ya miaka 200, na inakadiriwa kuwa asilimia 80 hivi ya bonsai za misonobari zinazozalishwa Japani hutoka kwao. Anayeijua bonsai kwa picha tu, mti mdogo umekaa kwenye chombo cha udongo juu ya meza, huenda akapita kando ya mashamba hayo asitambue anachokiona.

Swali la chungu au ardhi linamsumbua kila anayeanza. Mche uwekwe kwenye chombo mapema ili uzoee udogo, au uachwe kwanza ardhini? Wapo wanaoshikilia kwamba bonsai ni chungu, na mti ulioko ardhini ni mti tu. Wapo wanaosema chungu ni kifungo na hakuna shina la maana litakalopatikana humo. Pande zote mbili zinalichukua swali kana kwamba mtu anatakiwa kuchagua mahali na kubaki hapo siku zote. Ninavyoona mimi, ardhi na chungu ni hatua mbili za kazi moja, kila moja ina jambo inalolitenda ambalo nyingine haiwezi, na miti mingi inayoharibika huharibika kwa sababu ilitoka hatua moja kuingia nyingine mapema mno au kwa kuchelewa mno.

Tuanze na shina, maana ndilo linalolishawishi jicho kwamba mti wa kimo cha goti ni mzee. Kanuni inayotajwa sana na walimu wa bonsai ni kwamba kimo cha mti kiwe kama mara sita ya upana wa shina lake karibu na udongo. Mti wa sentimita 30, basi, unahitaji shina la sentimita 5. Nenda kwenye kitalu chochote cha kando ya barabara, Dar es Salaam au Nairobi, uangalie miche ya fikasi na mikwaju iliyomo kwenye viriba: mashina mengi hayafiki unene wa kidole. Kutoka hapo hadi sentimita 5 ni safari, na safari hiyo ina njia moja tu. Unene wa shina ni mbao, mbao hutengenezwa na kambiamu, lile tabaka hai jembamba lililo chini ya gome, na kambiamu hulishwa sukari inayotoka kwenye majani. Majani yakiwa machache, mbao nazo ni chache. Kwa hiyo anayetaka mti mdogo wenye shina la kizee hana budi kuuacha kwanza uwe mti mkubwa wenye majani mengi. Wengi hili linawashinda kulikubali. Wamenunua mche kwa ajili ya udogo wake, halafu wanaambiwa wauache ufike kimo cha mlango.

Kuna takwimu inayosaidia hapa. Mwaka 2012 Hendrik Poorter na wenzake walichapisha uchambuzi uliokusanya matokeo ya majaribio 65 kuhusu ukubwa wa vyombo vya kuoteshea mimea. Waliona kwamba ujazo wa chombo ukiongezwa mara mbili, uzito wa mmea huongezeka kwa wastani wa asilimia 43. Sababu kubwa waliyoiona ni kupungua kwa usanisinuru: mmea uliobanwa mizizi hupunguza kasi ya majani yake ya kutengeneza chakula, hata kabla hatujazungumzia maji na mbolea. Sasa fikiria sinia la bonsai lenye lita moja au mbili za udongo, kisha fikiria ardhi isiyo na ukuta. Mche uliowekwa kwenye sinia ukiwa na unene wa penseli utaishi, utachipua, hata utapendeza kwa namna yake, lakini baada ya miaka kumi unaweza kukutwa bado ni penseli iliyonenepa kidogo.

Ardhi haitoi nafasi ya mizizi peke yake. Udongo wa chini haupati joto wala baridi kwa haraka, na akiba yake ya maji ni kubwa, kiasi kwamba mkulima akisafiri wiki moja hatarudi kukuta kuni. Vidonda navyo hupona upesi zaidi kwa sababu mti una nguvu za kuvifunika. Hili la mwisho ni la msingi, kwa kuwa kukuza shina la bonsai ardhini ni kazi ya kukata, kuacha ukue, na kukata tena.

Tazama kwa karibu kinachofanyika kwa msonobari mweusi wa Japani. Mkulima akiwa na mche wa miaka michache hapogoi kila tawi. Chini, karibu na udongo, anachagua vitawi vidogo vitakavyokuja kuwa matawi ya bonsai yenyewe, na hivyo anavilinda: anavipunguza, anahakikisha vinapata jua, havijazidiwa wala kukauka. Halafu anachagua tawi moja au mawili, au kilele chote cha mti, na kukiacha kiende kitakavyo. Hilo ni tawi la kafara. Linaweza kurefuka mita mbili au zaidi, likajaa sindano, na sukari yote linayoitengeneza ikateremka kulinenepesha shina lililo chini yake. Chini yake tu. Sehemu ya shina iliyo juu ya mahali tawi lilipoota hainufaiki. Mkulima mjuzi kwa hiyo huliweka tawi hilo pale anapotaka unene uishie, na hupendelea liwe upande wa nyuma ili kovu lake lisionekane. Shina likifika kipimo, tawi linakatwa. Mti mkubwa unatoweka kwa siku moja, na kilichobaki ni kifupi, kinene, chenye vitawi vya chini vilivyokuwa vikisubiri muda wote.

Msonobari unataka tahadhari moja ambayo fikasi haiitaki. Ukiukata chini ya sindano zote za kijani, hautachipua kutoka kwenye gome kuukuu, utakufa. Ndiyo maana vile vitawi vya chini vinalindwa kama mboni ya jicho. Fikasi, bogenvilia na mkwaju ni wakarimu zaidi: shina likikatwa tupu kabisa, kwa kawaida machipukizi mapya hutoka. Kwa miti ya aina hiyo njia iliyozoeleka ni kuukata mti kwenye thuluthi hivi ya kimo kinachotarajiwa, kuchagua chipukizi moja liwe kilele kipya, kuliacha linenepe, kisha kulikata nalo. Kila mkato unafanya shina lipungue unene kidogo kadiri linavyopanda, na kupungua huko ndiko kunakolipa sura ya mti wa kale. Shina lililokuzwa moja kwa moja bila mikato linabaki na unene uleule chini mpaka juu, na hakuna chungu kitakacholirekebisha.

Ardhi, hata hivyo, ina madhara yake, na wanaoitetea hawayasemi vya kutosha. Ukarimu uleule unaolinenepesha shina unayaharibu matawi. Katika ardhi pingili huwa ndefu, majani mapana, na matawi ya juu hunenepa kuliko yanavyotakiwa. Tawi nene haliwezi kurudishwa kuwa jembamba. Linakatwa na kuanzishwa upya. Kwa hiyo miaka ya mti kukaa ardhini ni miaka ya shina na mizizi ya juu, basi. Anayesubiri akidhani mti utajenga na matawi membamba wakati uleule anasubiri kisichokuja, na mara nyingi anakuta shina limepita kipimo au limevimba mahali pasipofaa kwa sababu matawi mengi yaliachwa yaote sehemu moja.

Kuna pia suala la mizizi, na hapa pana hasara kubwa kuliko kote. Mche wa mkwaju ukiachiwa hupeleka mzizi mkuu chini moja kwa moja. Baada ya miaka mitano ardhini mzizi huo ni mnene kama shina, umezama, na mizizi midogo inayonyonya maji iko mbali na pale utakapokata. Ukijaribu kuung'oa mti huo na kuuingiza kwenye sinia, unabaki na kisiki kisicho na mizizi. Mkulima anayejua anafanya kazi yake siku ya kupanda: anakata mzizi mkuu mche ukiwa mdogo, anaisambaza mizizi ya pembeni pande zote kama miale, na chini yake anaweka kigae cha sakafu au kipande cha ubao ili isiweze kushuka. Mizizi ikikuta kigae, inatambaa kando. Juu, kwenye usawa wa udongo, shina linapanuka na kukamata ardhi vizuri, sura ambayo Wajapani huithamini sana na huitazama kabla ya kutazama matawi. Kila baada ya miaka miwili au mitatu mti unachimbwa, mizizi mirefu inapunguzwa, kisha unarudishwa pale pale. Bila kazi hiyo, mti ulioko ardhini unatayarishwa kuwa mti wa bustani.

Na mti wa bustani si jambo la kudharau. Japani ina utamaduni mzima wa kuipa sura miti iliyopandwa bustanini, niwaki, kwa waya, mikasi na subira ileile. Mwenye uwanja mkubwa anayependa kuupogoa mti wake ukiwa ardhini daima anayo njia ya heshima mbele yake, na hana haja ya kuulazimisha kuwa bonsai. Bonsai yenyewe inahitaji chombo. Mti na chombo hutazamwa pamoja kama kazi moja, na mti uliomo ndani yake unaweza kuinuliwa, kuzungushwa, kuletwa mbele ya macho na kutazamwa kwa karibu kiasi ambacho mti wa bustani hautazamiki.

Chungu kinafanya nini, basi? Watu wengi huamini kwamba kinauweka mti kwenye njaa ili usikue. Si kweli, na imani hiyo imeua miti mingi. Bonsai yenye afya hupewa maji kila siku, wakati wa joto hata mara mbili, na hupewa mbolea kwa mpango. Kinachopungua ni nafasi ya mizizi. Nguvu inayofika kwenye kila chipukizi inakuwa ndogo, pingili zinafupika, majani yanakuwa madogo, na kila ukipogoa ncha moja unapata mbili, kisha nne, zote nyembamba. Matawi kama vidole vya mkono, yanayogawanyika na kugawanyika tena hadi yawe mithili ya nywele, hupatikana chunguni. Kwa msonobari mweusi kuna hatua ya kukata machipukizi yote ya masika ifikapo mwanzo wa kiangazi cha Japani ili yatoke mengine yenye sindano fupi zaidi. Hatua hiyo hufanyiwa mti wenye nguvu ambao shina lake limekamilika. Anayeifanya kwa mti unaotakiwa kunenepa anaunyima yale majani yanayotengeneza mbao.

Jambo la chungu linalowapiga chenga hata wakulima wazoefu ni maji. Udongo mwekundu mzuri, uliochanganywa na samadi, unaostawisha sukuma wiki na maua uani, ukiwekwa kwenye sinia la bonsai unaozesha mizizi. Jaribio rahisi linaonyesha sababu. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, ichovye majini hadi ishibe. Ilaze bapa kiganjani mpaka iache kudondosha. Kisha isimamishe kwa urefu wake bila kuikamua: maji yanatoka tena. Udongo nao ndivyo ulivyo. Chini ya kila chombo hubaki tabaka lililojaa maji yasiyotoka hata matundu yawe mangapi, na kimo cha tabaka hilo kinategemea aina ya udongo, hakitegemei kina cha chombo. Tuseme udongo fulani hushikilia maji kimo cha sentimita 4. Ndoo yenye kina cha sentimita 20 inabakiwa na 16 zenye hewa. Sinia lenye kina cha 5 linabakiwa na moja. Ardhini tatizo hili halipo, kwa sababu udongo ulio chini unaendelea kuyavuta maji.

Kwa hiyo mti unapohamia chunguni unahamia kwenye dunia nyingine, na udongo wake lazima uwe mwingine. Wajapani hutumia akadama, udongo wa asili ya volkano unaochekechwa kwa ukubwa wa punje, pamoja na mawe mepesi. Huku kwetu hakuna haja ya kuagiza mifuko kutoka Japani. Mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea majini, yanapatikana Bonde la Ufa, na changarawe laini au matofali ya kuchoma yaliyopondwa yanasaidia. La lazima ni kuchekecha na kutupa vumbi lote. Vumbi likibaki, linajaza nafasi za hewa na kurudisha tatizo pale pale.

Mti unaweza kuishi chunguni muda mrefu kuliko ukoo. Kwenye jumba la makumbusho ya bonsai lililo ndani ya bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Japani uliotunzwa tangu mwaka 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki ya Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945, bomu la atomiki lilipoangushwa, mti huo ulikuwa nyuma ya ukuta wa kitalu chao, kilomita tatu hivi kutoka palipolipuka, na ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa kuwa sehemu ya zawadi ya bonsai 53 za Wajapani kwa Wamarekani, na historia yake ya Hiroshima haikujulikana huko hadi wajukuu wake walipokuja kuutembelea mwaka 2001. Karne nne katika vyombo, mizizi ikipunguzwa na udongo ukibadilishwa tena na tena. Anayesema chungu kinafupisha maisha ya mti na autazame huo.

Kwa nini basi ardhi haisikiki katika mazungumzo ya bonsai? Nadhani ni kwa sababu ya namna kazi ilivyogawanywa Japani kwenyewe. Wakulima wa Kinashi wanakuza mashina. Mafundi wengine wanayachukua na kuyajengea matawi kwenye vyungu, wakati mwingine kwa miongo kadhaa. Kijiji cha bonsai cha Omiya, katika mkoa wa Saitama, kilianzishwa mwaka 1925 na mafundi waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923, wakitafuta udongo mzuri, maji safi na nafasi. Kanuni za awali zilimtaka kila mkazi awe na bonsai zisizopungua kumi, aache lango wazi kwa wageni, azungushe ua wa miti hai na asijenge ghorofa. Mgeni anayetembelea Omiya, au maonyesho ya Kokufu yanayofanyika Ueno, Tokyo, tangu 1934, anaona mwisho wa safari. Shamba halionyeshwi popote. Mafunzo yaliyotoka nje ya Japani yakabeba hayo yaliyoonekana: chungu, mkasi, waya. Anayenunua kifaa cha kuanzia bonsai dukani leo, chenye mbegu na kichungu kidogo, ameuziwa hatua ya mwisho akiambiwa ndiyo ya kwanza.

Miti iliyochukuliwa porini ni ushahidi mwingine wa jambo lilelile. Mireteni inayosifiwa sana Japani ilichukuliwa kwenye majabali ya milima, ikiwemo ile ya Itoigawa na ya Shikoku, ikiwa tayari imepindwa na theluji na upepo kwa miaka mingi. Hapo mlima ndio uliofanya kazi ya shamba, na fundi akaanza na chungu moja kwa moja. Afrika Mashariki kishawishi hicho kipo: waridi la jangwani lenye shina lililovimba, mizeituni mwitu ya nyanda za juu, migunga iliyoliwa na mbuzi ikabaki mifupi na minene. Kung'oa mti katika hifadhi ya msitu bila kibali ni kosa kisheria, Kenya na Tanzania pia, na hata pasipo na hifadhi mti wa zamani uliong'olewa na mtu asiye na ujuzi mara nyingi hufa. Kuna chanzo bora zaidi ambacho watu wanakipita kila siku: ua unaobomolewa. Visiki vya bogenvilia na michongoma vilivyokatwa kwa panga miaka ishirini vinatupwa wakati nyumba inapojengewa ukuta wa matofali. Mashina hayo yamekwisha kufanya kazi ya ardhini, na mwenye nyumba kwa kawaida anafurahi kuona yanaondolewa.

Huku kwetu mizani ya swali hili inabadilika, kwa sababu kadhaa. Ya kwanza ni kwamba pwani na maeneo mengi ya joto hakuna majira ya baridi yanayousimamisha mti. Fikasi iliyopandwa kwenye udongo mzuri Tanga au Mombasa inakua karibu mwaka mzima, na miaka yake ya ardhini inakuwa michache kuliko ya msonobari wa Shikoku. Hiyo ni neema, lakini inamtaka mkulima awe macho, maana shina linaweza kupita kipimo huku yeye bado anahesabu miaka ya kitabu cha Kijapani. Ya pili ni joto la chombo. Katika nchi za baridi hofu ni mizizi kuganda chunguni. Kwetu hofu ni chombo cheusi cha plastiki kwenye jua la saa nane mchana: mizizi ya mimea mingi huanza kudhurika udongo ukipita nyuzi 38 hivi, na upande wa chombo unaopigwa na jua hufika hapo kirahisi. Chombo cha udongo wa kuchoma, rangi nyepesi, na kivuli cha mchana kwenye chombo chenyewe vinafaa, huku majani yakiendelea kupata jua.

Maji ya visima vya Dar es Salaam nayo mara nyingi yana chumvi. Ardhini chumvi hiyo inasukumwa chini na masika. Chunguni inajilimbikiza, ncha za majani zinaungua, na mwenye mti anadhani umekosa mbolea. Akiongeza mbolea anaongeza chumvi. Mti wa chunguni umwagiliwe mpaka maji yatoke kwa wingi chini, na mvua ikinyesha utolewe nje. Upande wa ardhi adui ni mchwa, hasa pale panapoachwa kidonda kikubwa cha mbao iliyokufa karibu na udongo, na minyoo fundo inayovimbisha mizizi midogo. Kwenye udongo mweusi mfinyanzi, kama ule wa sehemu za mashariki ya Nairobi, kupanda moja kwa moja ni kujitafutia taabu: wakati wa mvua unatuama maji, wakati wa jua unapasuka na kukata mizizi, na siku ya kuchimba unang'ang'ania kama saruji. Tuta lililoinuliwa kwa sentimita 30, lililochanganywa mchanga na mboji, linatosha kuliondoa tatizo hilo.

Ila kwa wengi kikwazo kikubwa hakimo kwenye udongo. Ni mkataba wa nyumba. Mpangaji hana uhakika wa kuwa hapo miaka mitano ijayo, na mti alioupanda kwenye uwanja wa mtu hana hakika ya kuuchimba. Anaishi ghorofani, au uwanja wote umemwagiwa zege. Mtu huyo akiambiwa ardhi ndiyo hatua ya kwanza, anaona mlango umefungwa. Haujafungwa. Kuna vyombo vya kati ambavyo wakulima wa Japani wenyewe huvitumia kwa misonobari michanga: bakuli kubwa la plastiki lenye matundu, lile la kuchujia mboga. Mzizi unapofika kwenye tundu hukutana na hewa, ncha inakauka, na nyuma yake inatoka mizizi mingi midogo, wakati kwenye ndoo ungezunguka na kuzunguka. Kreti la plastiki la kubebea nyanya au sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 60, likijazwa udongo wa punje, linaupa mti nafasi ya kutosha kunenepa kwa kasi isiyofikia ile ya ardhini lakini inayoliacha sinia mbali sana. Na siku ya kuhama linapandishwa kwenye gari. Mwenye kipande kidogo cha ardhi anaweza kuliweka bakuli la matundu juu ya udongo wenyewe: mizizi inatoroka, inashuka ardhini, shina linanenepa, na ukikata mizizi iliyotoroka unabaki na mti ambao mizizi yake ya karibu iko tayari ndani ya bakuli.

Kila mti una tabia yake katika haya. Fikasi inavumilia karibu kosa lolote. Mkwaju unadai mzizi wake mkuu ushughulikiwe mapema. Mbuyu mchanga hujenga mzizi ulionenepa chini ya udongo, na mkulima huuinua kidogo kila anapobadilisha chombo ili unene huo uonekane juu. Kwa huo chombo chenye kina kinafaa zaidi katika miaka ya mwanzo. Waridi la jangwani linaoza kwenye ardhi yenye maji, kwa hiyo mahali pa mvua nyingi nisingelipanda chini kabisa. Mgunga wenye kichwa bapa, sura inayotambulika na kila mtu aliyevuka nyika, unataka shina la ardhini na kichwa kilichojengwa kwa miaka chunguni, kwa kuwa ubapa ule unatokana na matawi membamba mengi.

Anayefikiria biashara ya nje ajue sheria nayo imelijibu swali hili kwa namna yake. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya umetaka miti iliyodumazwa, ikitoka nje ya Ulaya, iwe imekaa kwenye kitalu kilichosajiliwa angalau miaka miwili kabla ya kusafirishwa, ikiwa kwenye vyungu vilivyowekwa juu ya rafu zenye kimo cha sentimita 50 au zaidi kutoka ardhini. Marekani nayo ina masharti yanayofanana na hayo. Lengo ni kuzuia wadudu na minyoo ya udongo. Mkulima anaweza kulikuza shina shambani, lakini miaka ya mwisho lazima iwe ya chunguni, na ratiba yake aipange kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Tunachokikosa Afrika Mashariki kwa sasa ni maandishi ya kwetu. Kenya ina chama cha wapenzi wa bonsai, na Tanzania wapo wanaofanya kazi nzuri uani kwao kimyakimya, lakini vitabu vinavyosomwa bado ni vya msonobari, mti wa maple wa Japani na majira manne. Havitamwambia mtu wa Morogoro mkwaju uchimbwe mwezi gani. Wengi huchimba mwanzoni mwa masika, hewa ikiwa na unyevu na mti ukiwa na haraka ya kuchipua, na kwa fikasi hilo linafanya kazi. Kwa mgunga, kwa mzeituni mwitu, kwa mbuyu, kila mmoja anabahatisha peke yake. Daftari la shilingi chache lingetosha kuanza: jina la mti, udongo gani, tarehe ya kupanda, upana wa shina ukipimwa kila Januari sentimita mbili juu ya udongo, tarehe ya kila mkato na siku chipukizi la kwanza lilipotokea, tarehe ya kuchimba, na kama ulipona au ulikufa. Iliyokufa iandikwe pamoja na iliyopona, maana ndiyo itakayomwambia mwingine miaka mingapi ardhini ilikuwa mingi mno.